Maji ya Kumkandia Bi Kijakazi

Lengelenge la kwanza lilitokea asubuhi ya Ijumaa, juu ya mguu wa kulia wa Bi Kijakazi, karibu na vidole. Lilikuwa kubwa kama yai la kuku, limejaa maji meupe, na haliumi hata kidogo. Lingeuma, pengine mambo yasingefika yalikofika. Lakini halikuuma, na Bi Kijakazi mwenyewe hakujua kama analo mpaka mkaza mwanawe, Mwanapili, alipomletea maji ya kutawadhia akaliona.

Mwanapili alikuwa na mwaka wa saba katika nyumba ile ya Shumba Mjini, na kazi ya kumkanda mkwewe ilikuwa yake tangu alipoingia. Kila baada ya sala ya alasiri alichemsha maji kwa majani ya mpera na chumvi, akayapoza, akatia mkono wake mwenyewe mpaka kiwiko kuyapima, ndipo akaipakata miguu ya mama mtu na kuikanda kwa kitambaa. Miguu ile ilikuwa na ganzi siku nyingi. Bi Kijakazi alikuwa akisema ni kama miguu ya kuazima, haijamzoea. Watu walisema ni uzee. Na ile kiu ya kumaliza mtungi mzima kwa siku moja, uzee pia. Uzee ni gunia. Kila usichokijua unakitia humo.

Bahati mbaya, au tuseme bahati ya mawifi, siku hiyo Moza alikuwapo. Moza ni dada yake Pandu, mume wa Mwanapili. Ameolewa Kengeja, kusini kabisa mwa kisiwa, na alikuwa akija Shumba mara mbili kwa mwaka kumtazama mama yake, na kukitazama kila chungu kama kimesuguliwa. Aliliona lengelenge, akashika kichwa, akasema mama kaunguzwa.

Bi Kijakazi akasema hakuungua. "Sikusikia moto mie."

"Utausikiaje, mama, na miguu ina ganzi?" Moza akamjibu, na jibu hilo ndilo lililomfunga Mwanapili kamba. Shahidi alikuwa mmoja tu, na shahidi mwenyewe miguu yake haisikii. Ushahidi wake ukatupwa jalalani pale pale.

Mwanapili alieleza habari ya kiwiko. Aliunyoosha mkono wenyewe, mzima, hauna hata alama. Maji ya kumuunguza mama yangeanza na yeye. Moza akasema mkono wa mpishi umezoea moto. Ikawa kila analolisema lina jibu, na kila jibu linamrudisha palepale jikoni, mbele ya sufuria.

Hata hivyo hayo ya wifi angeyavumilia. Wifi ni wifi. Kilichomkata maini ni mumewe. Pandu alirudi shamba na jembe begani, akasikiliza huku, akasikiliza kule, akakuna kidevu, akasema, "Labda hukujua tu, nke wangu."

Labda. Mwanapili angeona nafuu atukanwe. Mtu akikutukana unamjibu, mkachafuana, yakaisha. Labda haijibiki. Alikaa na labda ile wiki nzima, akaitwanga na mpunga, akalala nayo.

Akaacha maji ya moto kabisa. Akawa anakanda kwa maji ya mtungini, baridi, na Moza kaketi anatazama. Siku ya tatu yakatokea malengelenge mengine matatu, kwenye muundi wa mguu. Mwenye akili angesema, basi si maji. Moza alisema, basi ni makusudi; labda jivu la moto, labda mafuta, nani ajuaye yanayofanyika watu wakiwa shamba. Habari ikafika kisimani kabla ya ndoo. Wanawake wakaanza kumpisha Mwanapili ateke kabla ya zamu yake, wala haikuwa heshima. Mwaka ule watu walikuwa wamegawanyika kwa ajili ya vyama, hawanunuliani wala hawazikani. Lakini kwa kumsema Mwanapili waliungana kama waliozaliwa tumbo moja.

Hapo ndipo uvumilivu ulipomwishia. Alijifunga kanga, akaenda kwa Shehe Himid, mwalimu wa chuo cha Kurani, akataka isomwe Halbadiri.

Hapana Mpemba asiyeijua Halbadiri. Husomwa majina ya mashujaa wa Badri, udi ukifuka, na mkosaji ambaye hajulikani huombewa afichuliwe kwa balaa litakalomshukia. Watu huiogopa kuliko askari. Shehe Himid alimwambia hilo si jambo la hasira, dua ile ikishatoka mdomoni hairudi, aende nyumbani asubiri. Mwanapili akasema amesubiri vya kutosha. Tena akataka neno liongezwe: isimpate aliyeunguza peke yake, impate na aliyezua.

"Ajulikane mwilini mwake au nyumbani mwake," alisema.

Ikasomwa Jumatatu baada ya alasiri. Pandu aliinamisha kichwa, Moza alijifunika ushungi mpaka machoni. Mwanapili alikuwa wa kwanza kusema amina, na aliisema kwa sauti. Akangoja siku tatu, akangoja tano. Hakuugua, hakujikwaa, hata kuku wake hakufa. Alidhani sasa watu watasema hana kosa. Wakasema kajikaga kwa mganga, dua isimpate.

Moza akatoa shauri kuwa mama yake hakai tena nyumba ya mtu aliyejikaga, na Pandu, ambaye alikuwa na mama mmoja na dada mmoja na hakutaka ugomvi na yeyote, akakubali. Bi Kijakazi akapakiwa kwenye gari la abiria, na godoro lake, na mto wake. Alipokuwa akipandishwa alisema tena, kwa yeyote mwenye masikio, kwamba yeye hakuungua. Wote walikuwa wakimtazama Mwanapili kama atalia.

Hakulia. Aliingia ndani akasafisha nyumba kwa hasira, akafika chooni. Pale alipozoea kukojoa mkwewe palikuwa na sisimizi, mstari mnene, wanakwenda na kurudi. Alikuwa akiwaona kwa miezi na kuwamwagia maji bila ya kuwafikiri. Safari hii alisimama na kata ya maji mkononi akawatazama. Sisimizi hawafuati chumvi. Wanakula nini humu?

Kesho yake akaenda kwa miguu mpaka kwa dresa, mfunga vidonda wa serikali, Bwana Zahran, mtu mfupi mwenye miwani, asiyependa maneno mengi. Mwanapili alimweleza yote, na Halbadiri pia, kwa kuwa akianza kusema hanyamazi. Dresa hakuuliza habari za Halbadiri. Aliuliza kiu. Aliuliza mkojo. Aliuliza ganzi. Kila swali Mwanapili aliitikia ndiyo.

"Huo ugonjwa wa sukari," akasema dresa. "Wenye nao, wachache wao, hutokwa na malengelenge kama ya moto, na moto haupo. Yakiachwa hukauka yenyewe. Msiyatoboe. Mguu ule hausikii, ukiingia uchafu utaoza na mwenyewe hana habari. Mleteni upesi apimwe."

Mwanapili alirudi nusu anatembea nusu anakimbia. Moto haupo! Alilirudia neno hilo njia nzima. Pandu alilisikiliza, akakuna kidevu, akasema labda. Akakubali iandikwe barua. Ikaandikwa, na Mwanapili alisimama juu ya kichwa cha mwandishi mpaka kila kitu kikaingia: sukari, yasitobolewe, mama apelekwe hospitali ya Chake Chake, ambayo kwa wao wa Kengeja ni karibu kuliko kwa watu wa Shumba. Barua akapewa dereva.

Jibu lilichukua siku tisa, na lilikuwa na mwandiko wa mume wa Moza. Mama hajambo, anakula, anawasalimu. Tena tangu alipotoka Shumba hajatokwa na lengelenge hata moja.

Pandu aliisoma mara mbili. Kisha akaikunja, akaiweka juu ya kabati, akamwambia mkewe kwa upole kwamba ingekuwa vyema aende kwao akapumzike kidogo. Kila mwanamke aliyepata kuolewa anajua mapumziko hayo mwisho wake ni wapi. Mwanapili alimtazama yule mwanamume aliyempikia miaka saba.

Alfajiri alifunga nguo zake. Kwao ni Shumba Viamboni, si mbali, mtu huenda kwa miguu. Alifika kwenye njia ya kwao, akaipita, akasimamisha gari la Chake Chake, na Chake Chake akapanda la Kengeja. Alitaka kuiona hiyo miguu mizima kwa macho yake. Tuseme kweli: alitaka kumshika Moza uwongo, amkokote nao mpaka Shumba, auweke pale kisimani.

Alifika adhuhuri. Harufu ilimpokea kabla ya mtu. Bi Kijakazi alikuwa amelala ukumbini, mguu wa kulia umezongwa kanga, inzi juu yake, na vidole viwili vilivyochomoza vilikuwa vyeusi. Alimwona mkaza mwanawe akatabasamu, akamuuliza habari za kuku.

Moza alitoka ndani na beseni. Mwanapili alikuwa amejitayarishia maneno tangu Chake Chake, lakini yule mwingine hakugombana. Aliweka beseni chini, akakaa chini pembeni mwa mama yake.

"Lilitoka jengine siku ya pili," akasema. "Nikalitoboa kwa sindano, nikalitia jivu, lisionekane. Barua yenu imenikuta nishatoboa."

"Na ukajibu hana kitu?"

"Nlidhani Halbadiri imenishukia mie. Si wewe ulotaka impate na aliyezua, nyumbani mwake? Basi imekuja nyumbani mwangu. Ningemwambia nani?"

Kwa mwezi mzima Mwanapili alikuwa akiyangoja maneno hayo. Sasa anayo, na hakujua ayafanye nini. Aliifungua ile kanga, akaona, akaifunga tena. Kisha akatoka njiani kutafuta gari, na aliyemsaidia kumbeba Bi Kijakazi alikuwa Moza huyo huyo, mmoja kichwani, mmoja miguuni.

Hospitali walichukua mkojo, wakautia dawa ya buluu, wakauchemsha juu ya taa ndogo. Mwanapili alisimama pale akaona buluu inageuka kijani, kijani inageuka manjano, mpaka ikawa rangi ya tofali. Daktari hakuhitaji kuambiwa tena. Sukari wangeweza kuipigania kwa sindano, alisema; mguu wamechelewa. Wakaukata chini ya goti.

Bi Kijakazi alirudishwa Shumba baada ya wiki sita. Pandu alimwomba mkewe radhi mbele ya watu, na safari hii hakutia labda. Kisimani Mwanapili akarudishiwa zamu yake. Siku ya tatu akaja jirani yao, Bi Mwatum, na sahani ya vitumbua, akakaa ukingoni mwa kitanda cha mgonjwa, akasema kwa furaha kwamba Halbadiri imejibu. Si mwaona? Aliyezua kajulikana, tena nyumbani mwake, kama ilivyoombwa.

Mwanapili akasimama. "Imempata nani, Bi Mwatum? Moza ana miguu miwili. Mie nna miguu miwili. Hebu hesabu ya huyu."

Bi Mwatum akasema yeye hakukusudia kukera, akajikusanya akaenda zake. Mwanapili alikuwa akitweta. Alitaka kuendelea, alikuwa na mengi, ya Moza, ya Pandu, ya barua, ya kisima, na wa kumwambia alibaki mmoja tu.

"Kaa, mwanangu," Bi Kijakazi akasema. "Siku ya mwanzo nlisema sikuungua. Nkasema hata juu ya gari. Mlikuwa mwautafuta nkono ulioniunguza, wewe na mwenzio. Habari za mguu hapana aliyeuliza."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama anavyosema chumvi imezidi, na ndiyo maana Mwanapili alishindwa kulikwepa. Alitaka kumkumbusha kwamba yeye ndiye aliyekwenda kwa dresa, yeye ndiye aliyekuja Kengeja. Yote ni kweli. Lakini alijua gari lile alilipanda kwa ajili ya nani, na alijua neno la kuzua nani alitaka liongezwe, na amina ya kwanza ilikuwa ya nani.

Ilikuwa imeshaadhiniwa alasiri. Dresa alikuwa amekataza maji ya moto. Mwanapili alichota ya mtungini, akakaa mkekani, akaupakata mguu uliobaki, akaanza kuutazama kidole kimoja kimoja.