Kahawa ya Mzee Silima Isiyokimbia

Haya kanihadithia Bi Mwanamize mwenyewe, wa Chokocho, juzi hapa baada ya Idi. Tulikuwa tumekaa uani kwake tunachambua mwani, naye anacheka mpaka anajifuta machozi kwa pembe ya kanga.

Mumewe, Mzee Silima, alipata kiharusi wakati wa karafuu. Mguu ulirudi, mkono ukarudi, na ulimi, alhamdulillahi, ulirudi na ukali wake wote. Kilichobaki nyuma ni koo. Wali alikula, ndizi alikula, lakini cha majimaji chochote kilimpalia. Akipiga funda moja la chai, atakohoa mpaka macho yamtoke, na Bi Mwanamize atamgonga mgongo kama anayekung'uta mkeka. Mwisho mzee akaona bora asinywe kabisa.

Rahila, nesi wa kituo cha afya, alikuja kumtazama. Akaifinya ngozi ya mkono wake, ngozi ikabaki imesimama kama hema.

"Babu, umekauka. Ukiendelea hivi nakupeleka hospitali ukatundikiwe dripu." Akamgeukia mkewe. "Bi Mwanamize, maji matupu yanamkimbilia kooni kabla hajawa tayari. Mpe kinywaji kizito, kishuke polepole kama asali. Akae wima, ameze kidogo kidogo."

"Basi uji," alisema Bi Mwanamize.

"Uji wanywe watoto," alisema Mzee Silima. "Miye nataka kahawa yangu barazani kwa Mjaka."

Baraza ya Mjaka, muuza kahawa, iko ng'ambo ya ua wao tu. Kinachotenga ni uzio wa makuti. Mzee Silima alinywa kahawa pale tangu ndevu zake nyeusi, na ndiye aliyekuwa akiwachekesha wenziwe. Sasa kila kicheko kilipopanda ng'ambo ya uzio, yeye kitandani hugeukia ukuta. Bi Mwanamize ngozi iliyosimama ilimtisha, lakini kule kugeukia ukuta kulimtisha zaidi. Mtu akishauzoea ukuta, utamrudishaje?

Akaanza na kanji ya muhogo, ile ile anayopigia kofia za mumewe zisimame, akaikoroga kwenye kahawa.

"Kofia umezipiga kanji, kanzu umezipiga kanji," alisema mzee, "sasa wataka unipige na utumbo?"

"Kunywa, bwana, usinyooke tu."

Kijiko cha kwanza kilishuka vizuri. Cha pili vizuri. Lakini kijiko kilikuwa kikitoka kinywani kinarudi kikombeni, na kahawa ikaanza kulegea, ikalegea, mpaka ikawa maji yaleyale. Akapaliwa. Rahila alipoelezwa akasema ndivyo ilivyo, mate yanaila kanji. Bi Mwanamize akajaribu bamia. Mzee alipoona inavutika kutoka kikombeni mpaka ndevuni, alifumba mdomo kama chaza.

Ndipo Bi Mwanamize alipokaa mlangoni akautazama mwani wake ulioanikwa. Miaka yote aliyolima, hajapata kuutia mdomoni. Mwani ni wa kuuza. Wanunuzi husema unakwenda nchi za nje kutiwa kwenye dawa ya meno na aiskrimu, vishikane visitiririke.

"Kama unashika aiskrimu," alijisemea, "utashindwa na kahawa ya Silima?"

Akachukua ule mnene, tunaouita kotoni. Akauosha chumvi, akaurowesha, akaubandika jikoni. Uliyeyuka polepole, ukawa mzito wa kupendeza, upawa unakwenda kwa kujivuta. Tatizo harufu: jiko zima lilinuka pwani maji yakitoka. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye ndimu. Kwani nani kwetu hapa anayepika pweza, anayepika changu, asiyekata shombo kwa ndimu? Akakamulia kwenye sufuria, akaongeza na nyingine, akauacha uchemke sana, akaenda kuchota maji.

Aliporudi, harufu imepungua, na uzito nao umekwenda zake. Akauchuja kwa kitambaa, akautia kahawa, akaungoja upoe labda utajirudi. Wapi! Mzee Silima alipiga funda, akakohoa hadi kuku wakakimbia.

"Mke wangu," alisema alipopata pumzi, "haya ni maji ya kuoshea samaki, umeyatia sukari."

Akageukia ukuta.

Bi Mwanamize aliimwaga sufuria kwenye mpapai, akabaki ameishika mkononi. Akaanza kuirudia kazi yake moyoni, hatua kwa hatua, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Ulikuwa mzito. Ulikuwa mzito mpaka... Akacheka peke yake. Mpaka ndimu ilipoingia! Ameutendea mwani kama samaki, na mwani si samaki.

Safari ya pili harufu aliitoa kwa maji na jua. Akaurowesha, akauanika, akaurowesha tena, akauanika tena, mpaka ukawa mweupe kama uzi. Ndimu akaifungia kabatini asije akajisahau. Akaupika, akauchuja, akautia kahawa, hiliki na mdalasini. Ukiwa wa moto ulimiminika kama chai, moyo ukamshuka. Lakini ulipopoa ulijikusanya wenyewe, akaukoroga na kijiko usigande bonge, ukawa kama asali. Rahila akaja, akainua kijiko, akautazama unavyoanguka.

"Huu unafaa," alisema. "Lakini upoe kwanza. Wa moto ni maji, bibi, usisahau."

Mzee Silima akakalishwa wima. Akameza. Wakamngoja wote wawili, hata kukohoa wao wenyewe wanaogopa.

"Una upwani kidogo," alisema mzee. Akatanua mdomo tena. "Lete."

Ngozi ikaanza kulala. Lakini vicheko vya ng'ambo viliendelea, naye akawa anatazama uzio.

"Nenda," alisema mkewe. "Chukua kikombe chako. Ya Mjaka ya moto usiiguse."

"Nitachekwa. Kahawa ya kulamba!"

"Nawe si una ulimi?"

Akatoka na bakora mkono mmoja, kikombe chenye kifuniko mkono wa pili. Bi Mwanamize akabaki nyuma ya uzio, jicho kwenye tundu.

"Lo! Yakhe Silima!" alipiga kelele Mzee Khatib, mwenziwe wa tangu chuo cha Kurani. "Tulishagawana kofia zako!"

"Yangu itakupwaya, una kichwa kidogo."

Watu wakacheka. Mjaka, kwa mazoea yake, akammiminia kahawa ya moto, akamwekea mbele. Mvuke ukapanda na tangawizi yake. Mkono wa Mzee Silima ukaenda. Bi Mwanamize akauma kanga. Mwanamke hapigi kelele baraza ya wanaume, lakini alishajaza pumzi. Mkono ukakigusa kikombe, ukakisukuma kwa Khatib.

"Kunywa weye. Ya kwangu imepikwa na mke anayenipenda."

Akafunua kikombe chake, akachota kijiko.

"Ala! Kahawa au gundi?" aliuliza Khatib.

"Ni kahawa isiyo na haraka. Yenu inakimbia kama mdeni."

Khatib akaomba kuonja, akaonja, akaramba mdomo. "Ina pwani," alisema, "lakini nitie tena."

Mzee Silima akamhamishia kikombe mbali, akaanzisha kisa cha mbuzi aliyeingia msikitini, akakimaliza, na kikombe kikaisha, na asikohoe hata mara moja.

Baada ya adhuhuri alirudi, akala, akajinyoosha kitandani. Safari hii aligeukia mlango. Akaanza kumhadithia mkewe alivyomjibu Khatib, maneno ambayo mkewe aliyasikia yote kwa tundu la uzio, naye akayaitikia kama mapya. Katikati ya kisa cha mbuzi mzee akaanza kukoroma.

Bi Mwanamize akarowesha mwani wa kesho, akafunika ndoo. Akajilaza kwenye mkeka penye upepo, sikio liko kitandani, anangoja kikohozi. Akangoja. Kikohozi hakikuja, na usingizi ukaja badala yake.