Pono Hali Nyama

Kazi yangu ni kupasua matumbo ya samaki. Msicheke. Kwenye kituo chetu cha utafiti tunaletewa samaki, tunafungua tumbo, tunamwaga kilichomo kwenye chujio, tunaangalia nani kamla nani. Dagaa kala vijidudu visivyoonekana kwa macho, jodari kala dagaa, papa kala jodari. Ndiyo hivyo kutwa nzima, na nikirudi nyumbani nanuka hadi paka wa jirani wananifuata.

Tangu bahari immeze kaka yangu, kisipatikane hata kiatu chake, mama hakutia samaki mdomoni. Baadaye akaacha nyama, akaacha mayai, akabaki na chai ya rangi. Mabega yakamchongoka. Daktari akaniita pembeni: asipokula chakula cha maana, hatutakuwa naye muda mrefu. Nikatoka pale na hasira, maana kaka kaenda, na sasa anataka kumchukua mama pia.

Basi nikajiona mjanja. Nikanunua pono, nikampika mchuzi mwepesi, nikamtengea mama.

"Siwezi. Samaki wamemla mwanangu."

"Huyu hajamla mtu, mama. Pono hali nyama. Nimepasua matumbo yake mpaka nimechoka. Ni mwani tu, anaukwangua kwenye matumbawe kama wewe unavyokwangua ukoko."

Akatabasamu. Haki ya Mungu, sikuwa nimeona tabasamu lake tangu msiba. Akachukua kijiko.

"Kaka yako naye alikuwa na usingizi wa pono," akasema. "Haamki mpaka ummwagie maji." Kijiko kikasimama njiani. "Na huo mwani unakula nini?"

Hapo ningefumba domo langu. Lakini sisi wa kazi hii tukiulizwa nani anakula nini, mdomo unajibu wenyewe.

"Hauli, mama. Unakua kwa jua na rutuba ya majini."

"Rutuba ya nini?"

"Ya vitu vilivyo..." Nikajishtukia. Nimechelewa.

"Vilivyooza," akamalizia yeye. Mama kalima bustani maisha yake yote, mambo ya mbolea humfundishi.

Nikangoja aisukume sahani. Akaivuta karibu. Akala polepole, akafyonza miiba, akafyonza na kichwa, machozi yakimdondokea mchuzini. Mimi niliyekuwa nambembeleza ale nikatamani kumpokonya.

"Mama, basi."

"Niache. Hatukupata hata cha kuzika." Akaikusanya miiba kiganjani, hakuitupa. "Kesho leta mwingine. Yuko huko, anarudi kidogo kidogo."

Mama amenawiri sasa, hata daktari anamsifu. Kila jioni nampikia pono, nakaa naye mezani mpaka amalize. Yeye anakula, mimi nakunywa chai ya rangi.