Baada ya Moabu

Mukalay alikaa miaka miwili katika nyumba ya baba yangu, akalala kwenye kitanda chetu, na sasa walitaka kumfanya mzee wa kanisa.

Sisi asili yetu ni Kasai. Babu aliletwa kuchimba shaba. Baba alizaliwa hapahapa Kolwezi. Mwaka wa tisini na tatu wenyeji walitufukuza turudi Kasai, kama mbwa walioiba nyama. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na shule yangu ilikomea stesheni, tulikongojea treni. Tuliporudi, Mukalay, mmoja wa wenyeji hao, alitoka bila kubisha, akaacha hata kitanda. Aliomba msamaha. Nilimwambia nimesikia. Kusikia si kusamehe.

Katika kanisa letu la Manika, anayempinga mtu hasemi neno lake mwenyewe. Anasimama na kusoma Maandiko, kisha anaketi. Sharti ni moja: mshirika yeyote akisema "mbele", msomaji haketi mpaka sura iishe.

Nilimchagua nabii Amosi. Hukumu yake inazunguka mataifa adui moja baada ya jingine: Dameski, Gaza, Tiro, Edomu, Amoni, Moabu. Nilimtaka Edomu, aliyemfukuza ndugu yake kwa upanga. Nilijizoeza wiki tatu.

Jumapili ile kila taifa lilipoanguka watu waliitika "Amina", na kila amina ilikuwa nzito kuliko iliyotangulia. Kuihukumu nyumba ya jirani kuna utamu wake. Nilipofika kwa Edomu niliinua macho. Mukalay alikuwa ameinama, kofia magotini. Naye akasema "Amina", polepole, peke yake, wenzake walipokwisha kunyamaza. Nilikasirika. Nikawasoma Amoni na Moabu haraka, nikafunga kitabu.

"Mbele," ikasema sauti.

Alikuwa Mama Kabedi, muuza makaa yanayotoka Mutshatsha. Huketi safu ya kwanza kwa sababu ya macho yake.

"Mama, inatosha."

"Haiyatosha, tata Stanislas. Mungu amepita kwa majirani bote. Kwetu njo anakosa taksi?"

Kanisa lilicheka. Hata Mchungaji Séraphin alificha uso kwa leso.

Nikafungua tena. Yuda: hakuna aliyeitika. Kisha Israeli, wasikilizaji wa nabii mwenyewe, wanaokanyaga kichwa cha mnyonge mavumbini na kumfungia njia yake. Hapo niliacha kusoma. Herufi zilionekana vizuri, mwanga ulikuwepo.

Niliona tena lile behewa la mizigo lililotupeleka Kasai. Tulijaa hata mtoto hakupata pa kulia. Niliwekwa mlangoni kwa kuwa nilikuwa na nguvu. Nje, mvuani, mwanamke aligonga: "Baba, tuko bane tu." Watu wanne. Nikaegemeza bega mlangoni, nikaubana mpaka treni ikaondoka. Hakuna adui aliyeniamuru. Mukalay hakuwepo. Sauti ile niliikuta tena katika kanisa hili, na tangu siku hiyo sijanunua makaa kwa Mama Kabedi hata mara moja. Mke wangu hudhani ni kwa sababu makaa yake ni mabichi.

"Tata, unaumwa?" aliniuliza Mama Kabedi.

"Mama Kabedi, ile mulango ya treni, ile siku ya mvua... njo mi niliufungaka. Nilikusikia."

Mukalay aliinua kichwa, akanitazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile, kisha akatazama kofia yake.

Mama Kabedi alikunja kitambaa chake juu ya goti, akakikunjua, akakikunja tena.

"Tulikuwa bane," alisema. Halafu: "Maliza sura, tata."

Nilimaliza. Mikono ilinyooshwa kumkubali Mukalay, na wangu ulikuwa miongoni mwayo, sikumbuki kuuinua.

Nje nilimngoja Mama Kabedi penye ngazi. Sikuomba msamaha, nilijua atajibu kwamba amesikia. Nilimwomba majina ya wale watatu aliokuwa nao. Alinipa bila haraka, kama mtu aliyeyashika mkononi miaka yote.

Kapinga, miaka sita, kuhara, siku ya tisa pale stesheni. Odile, miaka minne, siku ya kumi na moja. Gael, miezi saba, siku hiyohiyo, jioni. Treni iliyofuata ilikuja siku ya kumi na nne. Ilikuwa na nafasi. Alipanda mtu mmoja.