Laini Niliyomsajilia Kadija

Mbuzi ya nazi ilikuwa ikikwaruza kabla ya adhana ya alfajiri. Mjukuu wangu Thuraya alikuwa jikoni akikuna nazi ya vitumbua, polepole, akidhani nimelala. Kila siku hukuna vile, kwa kunionea huruma, na kila siku mimi huwa macho.

Asubuhi hiyo tulikuwa na safari ya ofisi ya mikopo. Thuraya alitaka friza ya kuuzia barafu na sharubati, na wenye ofisi walitaka mdhamini. Nilivaa buibui langu jipya. Nilijiona mtu mkubwa, mdhamini.

Aliyetupokea ni Nkatha, msichana wa Meru aliyeletwa huku kikazi. Alichukua kitambulisho changu, akatazama kompyuta, akatazama tena. Kisha akainuka, akafunga mlango ili wale waliokaa kwenye benchi la nje wasisikie. Jambo hilo sikulithamini siku ile. Nalithamini leo.

"Bi Ruqaya," akasema kwa sauti ya chini, "jina lako limo CRB. Kwenye orodha ya waliokopa wasilipe."

"Mimi? Mimi sili riba, mwanangu! Uliza mtaa mzima."

"Mimi hapa naona jina tu. Mkopo wenyewe ni upi, hilo utalijua ukipata ripoti yako."

Njiani Thuraya aliniambia kwamba pale saiba, kwenye duka la intaneti, wanatoza shilingi mia saba kukutolea ripoti hiyo.

"Mia saba nisomewe jina langu mwenyewe?" nikamwambia. "Zihifadhi pesa zako. Aliyefanya haya ninamjua."

Niliyemdhania ni Kadija. Ni binti wa shoga yangu marehemu, anakaa Mbwajumali, kisiwani Pate, anasuka mikeka na kuuza papa mkavu. Amepita miaka arubaini na hana kitambulisho. Kila akienda kuomba, mara huambiwa alete cheti cha mama, mara cha bibi yake, na hao walizaliwa kwenye vitanda vya kamba, cheti watakitoa wapi? Bila kitambulisho husajiliwi laini ya simu. Basi nilikwenda naye dukani nikatoa changu. Wengi kwetu tumefanya hivyo. Jina la mtu mmoja hubeba simu tatu, nne. Jina langu lilibeba mbili, yangu na yake. Hesabu yangu ilikuwa fupi: mimi sikopi, basi ni yeye.

Na huyu ndiye aliyekuja kukaa nami siku arubaini nilipopasuliwa mtoto wa jicho. Alinitia dawa kwa saa, akaniogesha, akanipepea. Hayo yote niliyajua, na bado hesabu yangu haikubadilika.

Wiki ile kulikuwa na arusi kwa jirani yangu Bi Barka, na wanawake tulikusanyika ukumbini kwake kuchambua mchele. Kadija alitoka Pate kuja kusaidia. Aliingia akicheka, akanibusu mkono, akakaa mbele yangu na ungo wake.

"Kadija, umenenepa! Papa unauza au unakula mwenyewe?" Bi Barka akamtania.

"Nauza mkia, nala kichwa, Bi Barka. Ndiyo maana nina akili."

Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Nilisema, na sauti yangu ikatoka juu kuliko nilivyotaka: "Akili ya kukopa kwa jina la mtu usilipe, hiyo unayo kweli."

Mikono yote ikasimama kwenye nyungo.

"Unasema na mimi, mama?" Kadija akauliza.

"Nani mwingine hapa anatumia jina langu?"

Hakubisha. Aliitoa simu yake, akaifungua nyuma kwa ukucha, akaitoa laini, akaiweka juu ya mchele, kwenye ungo wangu. Akajifunga buibui akatoka. Kutoka mlangoni kwa Bi Barka mpaka gatini, kwenye maboti, ni mbali kwa mtu anayelia, na hakuna aliyemsindikiza. Mimi ndiye niliyestahili kumsindikiza. Niliendelea kuchambua mchele.

Siku kumi baadaye Thuraya alirudi na karatasi. Alikuwa amelipa zile mia saba kwa pesa ya vitumbua bila kuniambia. Alikaa kitandani karibu nami akaanza kunisomea. Katikati akaiinamisha karatasi.

"Soma."

"Bibi, labda baadaye."

"Soma, Thuraya."

"Namba iliyokopa inaishia themanini na nne."

"Hiyo si ya Kadija?"

"Hiyo ni yako, Bibi. Elfu mbili. Februari, mwaka juzi." Akakunja karatasi. "Ilikuwa Shaaban."

Hakuwa na haja ya kuendelea. Shaaban ile nilisoma hitma ya kumrehemu babu yake. Nilitaka watu wale nyama, wasiseme kwamba mjane wake amewapa chai ya rangi. Simu ilikuwa imeandika kwamba naweza kupata elfu mbili papo hapo. Nilibonyeza. Nyama ikaliwa, dua ikasomwa, wote wakasifu. Baadaye nililipa nusu. Ujumbe ulipoanza kuja nikawa naufuta, nikijiambia kwamba macho yangu hayaoni. Macho yalipotibiwa, niliendelea kufuta. Kuna mambo mtu huyasahau kwa kupenda kwake, na ukiyasahau hivyo muda mrefu, unaweza kuapa kwamba hayakutokea. Mimi nilikuwa tayari kuapa.

Thuraya alikwenda jikoni akanipikia chai ya tangawizi. Heri angenigombeza.

Niliuza bangili moja, nikalipa kilichobaki na riba yake. Nkatha alipoipokea risiti alisikitika. "Mngeniuliza," akasema. "Ripoti ya kwanza kwa mwaka mtu hupewa bure. Mia saba mmezitupa."

Nilimwambia hazikutupwa. Ingekuwa elfu saba ningesema vilevile. Shoga zangu wakiniuliza siku hizi kama inafaa, nawaambia waombe kwanza ile ya bure. Lakini kama bure haipo, walipe, tena walipe kabla hawajafungua midomo. Mimi nililipiwa nikiwa nimeshachelewa siku kumi.

Pale ukumbini tulikuwa wanawake kumi na wawili, bila Kadija. Nilikwenda nyumba kumi na moja. Ilinichukua siku tatu, kwa sababu ya magoti na ngazi za watu. Wengine waliniambia, "Yamekwisha, Bi Ruqaya, kaa unywe kahawa," na upole wao ulinichoma zaidi. Bi Barka hakuwa mpole.

"Kumbe mkopaji ni wewe! Wewe wa haramu-haramu kila siku! Na nyama ile nilikula vipande vitatu!"

"Ulikula vinne," nikamwambia. "Unisamehe vyote."

Alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akatia kashata kwenye mfuko akaniambia nimpelekee Kadija.

Nilipanda boti ya asubuhi hadi Mtangawanda, na kijana wa pikipiki akanipeleka Mbwajumali akiendesha taratibu kwa ajili yangu. Kadija alikuwa barazani akisuka. Aliinuka, akaniletea maji, akanitandikia mkeka. Adabu yake yote ilikuwepo. Kicheko ndicho hakikuwepo.

Nilimweleza yote, hitma, nyama, na kufuta kule. Alisuka mpaka nikamaliza.

"Ulinisema mbele ya watu," akasema. "Unakuja kuniomba radhi tukiwa wawili?"

"Nimepita kwao wote, nyumba kwa nyumba. Hii ya kwako ni ya kumi na mbili."

Hapo mkono wake ulisimama. "Na zile ngazi za kwa Bi Barka?"

"Nilizipanda kwa makalio."

Karibu acheke, akajizuia. Nikatoa laini, niliyokuwa nimeifunga ndani ya leso, nikaiweka baina yetu. Nikamwambia wateja wake wa papa wanapiga hawampati, na kwamba jina langu ni lake kulitumia kama zamani. Aliigusa kwa kidole.

"Nitaichukua, kwa sababu ya papa," akasema. "Lakini nisikudanganye, mama. Moyo wangu haujatulia. Nikikutazama nauona ule ungo."

"Najua, mwanangu."

Tulikula wali na papa, tukazungumza habari za mvua. Pikipiki iliporudi alinishika mkono akanipandisha, akaniwekea vizuri ncha za buibui zisinaswe na gurudumu. Kijana akawasha. Kadija hakuuachia mkono wangu.

"Ijumaa ya pili uje tena," akasema. "Sijui nitakuwa nimetulia. Lakini uje. Ndia ya kuja unaijua."