Goti la Thelathini na Tatu

Baba yangu, Hosea Thrall, alijenga maghala arobaini na moja katika bonde letu la Vermont, na mimi nimekula karamu za mengi kati ya hayo tangu nilipoota meno. Kwa hiyo mtu asinifundishe habari za kiunzi cha ghala. Nguzo naijua, boriti naijua, makombamoyo nayajua, na goti nalijua vizuri zaidi: kile kipande kifupi cha mshazari kinachoishika nguzo na boriti pale zinapokutana, ili upepo usije ukalilaza ghala zima.

Goti lina ndimi mbili, moja kila ncha, na kila ulimi unaingia kwenye tundu lake. Baba alichonga kila goti kwa ajili ya tundu moja tu. Alililaza juu ya nguzo, akalipima kwa jicho, akalipunguza, akalirudisha, akalipunguza tena, kisha akalitia alama kwa patasi ili lisipotee likaenda tundu la jirani. Ghala moja lilikula kipupwe kizima.

Kisha nikaolewa na Orrin Peck, na Orrin akaja na skwea yake ya chuma, kile kipimo cha mafundi cha kupimia pembe.

"Mzee, mimi magoti yangu yote yanafanana," alimwambia Baba mezani, hata maharage hatujamaliza. "Goti lolote, tundu lolote. Sijaribishi kitu. Tunaunga, tunapiga vigingi, tunainua."

Baba akaweka kijiko chini. "Kwani unakata biskuti? Mti si unga, kijana. Kila mti una tabia yake."

"Ndiyo maana naichonga hiyo tabia mpaka itoke."

Tangu siku hiyo wakanuniana. "Mehitabel, mwambie mumeo asogeze chumvi," Baba angesema, na mume mwenyewe amekaa hapo hapo, mkono wake uko karibu na chumvi kuliko wangu. Nilichoka nao. Nilitamani niwafungie wote wawili kwenye banda la kuku.

Jirani yetu Zadok Wylie ndiye aliyekubali kumpa Orrin kazi, lakini kwa sharti. Kiunzi kikikataa kuungana siku ya kuinua, Baba angekirudia kwa njia yake ya zamani, na Orrin asiguse tena patasi bondeni kwetu. Mume wangu akaniambia wazi kwamba yakitokea hayo tutahamia mbali, Ohio, kwa kaka yake, tukalime mahindi. Nililia siku mbili. Baba alikuwa hana mtu mwingine ila mimi, na mimi Ohio sikuitaka hata ya kuchora.

Siku ikafika, Juni, jua zuri. Wanaume sabini walikuja na nyundo zao za mti na kiu yao ya ramu. Sisi wanawake tulipanga meza chini ya miti: maharage, mkate mweusi, mapai ya tufaha. Orrin alilaza mbao zake zote majanini kwa safu, nguzo upande huu, boriti upande ule, na magoti peke yake. Zadok akapita akihesabu kwa sauti, kama ilivyo desturi ya mwenye ghala.

Alipofika mwisho wa magoti alisimama. "Thelathini na matatu," alisema.

"Thelathini na mawili," Orrin akamjibu.

Zadok akahesabu upya. Thelathini na matatu.

"Eh, fundi!" akapayuka mmoja kutoka kwenye pipa la ramu. "Skwea umeleta, hesabu umeisahau nyumbani?"

Watu wakacheka, lakini Orrin hakucheka. Uso ulimbadilika rangi. "Mimi nimekata thelathini na mawili," alisema. "Kuna mtu ameniwekea goti lake. Likiwa fupi hata kidogo na likaingia kwenye kiunzi, ulimi utavunjika tukiwa tumeinua nusu, na watu wako chini. Hakuna kuinua mpaka nilipate."

"Si ungetia alama tu?" Zadok akauliza. "Mzee Thrall hutia alama."

Orrin akaitazama safu yake. Magoti yake yote yalifanana, na hicho ndicho alichojivunia mwaka mzima. Sasa likaingia geni, na hakuwa na namna ya kulitambua.

Akapiga magoti majanini, akaanza kuyapima moja baada ya jingine kwa skwea. Urefu, sawa. Ndimi, sawa. Pembe, sawa. La kumi, sawa. La ishirini, sawa. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye shingo. Alipomaliza la mwisho, yote yalikuwa sawa, na hilo lilimtisha kuliko kama angekuta moja bovu.

"Nimechelewa na nyasi zangu ziko shambani," Zadok akasema, bila ubaya. "Orrin, sitaki mtu afe hapa kwangu. Tukilala na shaka hii, nampa Mzee Thrall kazi."

Nilihisi Ohio inanishika mguu. Nikageuka kumtafuta Baba, na nikamwona amesimama nyuma ya gari la ng'ombe, anavua kofia, anaivaa, anaivua tena. Mimi namjua baba yangu. Hivyo ndivyo alivyofanya alipovunja birika la Mama.

"Baba!" nikapiga kelele, sahani mkononi. "Umefanya nini?"

Watu sabini wakamgeukia. Akakohoa. "Goti ni langu," akasema.

"Hosea!" Zadok akashangaa.

"Nililikata bandani kwangu, kwa vipimo vya kijana huyu. Nilitaka nimwonyeshe linavyokataa. Nimelitia asubuhi hii kwenye safu yake. Nikasema akilitambua, nitamcheka. Asipolitambua, likatae kuingia, nitamcheka zaidi." Akatazama chini. "Nilisahau kwamba Zadok angehesabu kwanza. Wala sikutaka mtu aumie. Nilikuwa nataka kusema, ila maneno yalikwama."

"Basi lichukue, mzee," Orrin akamwambia taratibu. "Litoe tuendelee."

Baba akaja mpaka kwenye safu. Huyu ni mtu aliyeweza kuingia ghala la wilaya nyingine, apapase nguzo gizani, akwambie ni nani aliyeichonga na alikuwa na ugomvi gani na mkewe. Akatembea polepole kutoka goti la kwanza hadi la mwisho. Akarudi. Akainama, akainua moja, akalinusa, akaliweka. Akainua jingine.

"Mzee?" Orrin akamwita.

Baba akajinyoosha, mkono kiunoni. "Sijui lipi ni langu," akasema. Kisha akaanza kucheka, kicheko kile cha tumbo nilichokuwa sijakisikia tangu Mama afariki. "Jamani, silijui! Nimelikata kwa mkono wangu mwenyewe, na silijui!"

Zadok akaangua kicheko, kisha watu wote. Orrin akakaa chini kabisa majanini, amefunika uso, mabega yanamtetemeka, na sikujua kama anacheka au analia. Mimi nilifanya vyote viwili.

Tukainua ghala. Walichukua magoti thelathini na mawili bila kuchagua, na kila ulimi uliingia kwenye tundu lake kwa pigo moja au mawili ya nyundo. Fremu ya nne na ya mwisho ya kiunzi ilisimama kabla mapai hayajapoa. Goti moja lilibaki majanini, na hakuna aliyejua ni la nani.

Tulipokaa kula, Baba alipita viti vyote vitupu akaja kukaa karibu na Orrin. Akala maharage yake. Kisha, watu wote wakisikia, akamwuliza, "Kesho unaanza kazi saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, mzee."

"Basi mimi nitafika saa kumi na moja na nusu," Baba akasema. "Unisogezee chumvi."