Marehemu wa Gazetini

Mwaka 1997, masika yalipokuwa yamepamba moto, gazeti moja la asubuhi lilimfisha mtu aliyekuwa bado anapumua.

Mtu huyo alikuwa mlinzi wa ghala. Wezi walimpiga nondo kichwani, wakamwacha wakidhani wamemmaliza. Naye alikuwa amemwona mmoja wao usoni, akamtambua. Mama yake, fundi cherehani, hakubanduka kitandani pake hospitalini mpaka kijana alipofumbua macho na kumbana kidole. Kusema alikuwa hajaweza. Mama alirudi nyumbani kubadili nguo, moyo mweupe, akakuta chumba chake cha kushonea kimejaa watu wanaolia.

"Pole, dada yangu!" jirani alimrukia shingoni, gazeti mkononi. Fundi alilisoma lile neno moja lililotangulia jina la mwanawe: marehemu.

Hasira zilimpanda. Alifungua kinywa awaambie kwamba mwanawe yu hai, na kwamba aliyeandika hajui kutofautisha kitanda na kaburi. Kabla hajatamka, mtu asiyemjua, aliyeketi karibu na cherehani, aliinua kichwa. Wengine wote walikuwa wamevua viatu mlangoni. Yeye alikuwa na mabuti miguuni, na mkononi akichezea mkasi wake fundi.

"Pole sana, Mama," alisema kwa upole. "Aliwahi kusema lolote kabla ya kukata roho? Alimtaja mtu?"

Fundi aliutazama ule mkasi. Akayameza maneno yake yote.

"Hakusema, baba. Aliondoka kimya."

Yule mtu alishusha pumzi, akauweka mkasi mezani taratibu, akaaga.

Basi fundi aliketi akapokea pole za mtu aliye hai. Alipoulizwa habari za mazishi, alijibu kwamba mwili bado uko mikononi mwa polisi; na kila alipotamka "mwili" alihisi anamchimbia mwanawe kaburi kwa ulimi wake mwenyewe.

Alasiri, waliolia walipokwisha kutawanyika, alikuja mwandishi wa gazeti, kijana mwenye mwavuli uliovunjika mbavu.

"Shikamoo, Mama. Mimi ndiye niliye—"

"Nakujua. Wewe ndiye Ziraili anayelipwa mshahara. Ingia, ufunge mlango."

Kijana aliinamisha kichwa. "Nimekukosea, Mama. Askari mmoja aliniambia hataamka, nami nikaharakisha kumzika. Lakini kesho tunasahihisha, ukurasa wa kwanza kabisa: mlinzi yu hai, amefumbua macho. Muuguzi amenithibitishia."

"Usithubutu!"

"Lakini ni haki yako, Mama."

"Haki yangu imelala kitandani, haina nguvu hata ya kujigeuza. Mmoja wao alikuja humu leo, akaniuliza mwanangu alisema nini. Wametulia kwa sababu ya kosa lako. Wewe ukisahihisha kosa lako, na wao watakuja kusahihisha lao."

"Mhariri ananisubiri," mwandishi alisema. "Nimeshamwambia nina habari kubwa. Akiniona mikono mitupu atanila nyama."

"Na akule, utapona. Daktari anasema kesho mwanangu ataweza kusema; mpelelezi wa polisi atakwenda kumhoji adhuhuri. Ulimnyang'anya mwanangu uhai wake wote kwa neno moja. Mimi nakudai siku moja tu. Nilipe."

Mwandishi aliuchukua mwavuli wake, akatoka mvuani.

Asubuhi, kupitia dirishani, fundi alimwona mwenye mabuti kwenye meza ya muuza magazeti, ng'ambo ya barabara. Alikuwa akifunua ukurasa baada ya ukurasa, akilowesha kidole ulimini, bila haraka. Fundi alishika nondo za dirisha, roho ikiwa mkononi. Yule mtu alifika ukurasa wa mwisho, akaanza upya. Kisha akalikunja gazeti, akajifunika nalo kichwani lisimfikie tone la mvua, akaenda zake akipiga mluzi.

Adhuhuri, nyuma ya pazia la wodi, mlinzi alimnong'oneza mpelelezi jina la mwizi aliyemwona, sauti ikikwaruza kama karatasi inayochanwa. Mpelelezi alitoka mbio.

Fundi alipojikokota hadi ukumbini, alimkuta mwandishi ameketi bencini, amepakata boksi lililotiwa kamusi, kikombe na jozi ya viatu vya kazini.

"Ameshasema," fundi alimwambia. "Nawe ulimwambia nini mhariri wako?"

"Nilimwambia sina habari," kijana alijibu. "Naye akaniambia basi sina kazi."