Mtungi Kati ya Dagaa

Katika karakana ya Papa Prospère, nyuma ya stesheni ya Kalemie, ukuta mmoja ulikuwa na misumari mitatu, na kila msumari ulikuwa na mwenyewe. Fundi aliyekwisha kukubaliwa alitundika aproni yake hapo jioni. Asiyekubaliwa aliikunja ya kwake na kurudi nayo nyumbani kwapani, hata akikaa miaka miwili. Emerance alikuwa na miezi minne ya kuikunja.

Kazi ya pale ilikuwa kukereza. Gogo linafungwa kwenye mashine, linazunguka, na fundi analiegemezea patasi mpaka litoke mtungi: tumbo pana, na mdomo usiopitisha zaidi ya ngumi. Nje, mtu yeyote mwenye mkono mtulivu angejaribu. Shida ilikuwa ndani, kwa sababu jicho halifiki huko. Patasi ndefu inaingia gizani kukomba, na mkerezaji hana ila sikio lake. Ukuta mnene wa mtungi unanguruma. Ukianza kuwa mwembamba unalia kama mbu. Ukichelewa kumsikia huyo mbu, chombo kinapasukia usoni.

Mtungi wa kwanza wa Emerance ulitoboka chini. Wa pili ulimrukia vipande, na kimoja kikampasua juu ya nyusi.

"Diplome yako iko wapi?" aliuliza Doudou, fundi mwenye msumari wa karibu na mlango. "Ilete basi, tufunge nayo hicho kidonda."

Diplome alikuwa nayo kweli. Alikuwa amemaliza chuo, akapeleka barua za kuomba kazi bandarini, kwenye reli na katika kila ofisi yenye mlango, na hakuna aliyemjibu. Darasani hakuwahi kunyoosha mkono. Sauti yake ilikuwa ikimkimbia mbele za watu. Mashine haikumtaka aseme kitu. Siku ya kwanza uzi mrefu wa mti mbichi ulipojikunjua juu ya kifundo cha mkono wake, wenye joto kama mnyama mdogo, alisahau kuona haya. Tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu duniani, nalo lilikuwa msumari wa nne.

Sheria ya msumari ilikuwa ya zamani. Papa Prospère alisema aliirithi kwa wazee waliomfundisha. Mwanafunzi anakereza mtungi wake peke yake. Siku ya jaribio mzazi wake anachota maji ziwani na kuyamimina mwenyewe, kisha mtungi unawekwa juu ya karatasi nyeupe. Kengele ya kanisa ikilia saa sita, unanyanyuliwa. Karatasi ikiwa kavu, mzazi anakunywa wa kwanza, kwa heshima, na msumari unapigwa. Ikiwa imelowa, aliyeharibu anakunywa yote yaliyobaki mbele ya watu, kisha anatoka na harudi. Na maji yaliyokaa asubuhi nzima ndani ya mulombwa, mti wenye utomvu mwekundu kama damu, ni machungu kuliko kwinini.

"Nimesema aliyeharibu," Papa Prospère alimwambia. "Kama ni mukono wako, njo weye utakunywa. Kama ni mukono wa mwengine, utaje jina lake. Atakunywa yeye, na weye utaanza upya. Hapa hatufukuze muntu kwa kosa la mwengine."

Kwa hiyo Emerance aliuanza mtungi wake wa tatu kwa hofu. Aliukereza nusu, akiacha kuta nene za vidole viwili, kwa maana mulombwa mbichi lazima uzikwe ndani ya gunia la maranda wiki sita, ukauke kidogo kidogo, ndipo umaliziwe. Lakini Doudou alikuwa na tabia ya kuzimia sigara zake ndani ya kazi ya wanafunzi. Emerance akaomba ruhusa ya kupeleka gunia kwao, Kataki.

"Peleka," alisema Papa Prospère. "Lakini jua lisiuone. Muti ni kama mugonjwa, jasho litoke polepole."

Nyumbani alilisukuma gunia chini ya kitanda. Mama yake, Mama Léontine, alikuwa amerudi kutoka ufukweni na magamba ya dagaa bado yanang'aa mikononi. Dagaa hao, aliowaanika tangu alipohama Moba, ndio waliomlipia Emerance minerval yote, ada ya shule mpaka chuo.

"Mama, gunia hili usiliguse."

"Iko nini ndani?"

"Kazi. Hutaelewa."

Mama Léontine akaendelea kubandua magamba mikononi. Aliyesomesha mtu huzoea kuambiwa hataelewa.

Jaribio lilipangwa Jumamosi ya mwisho wa wiki ya sita. Jumanne ya wiki hiyo, Emerance alivuta gunia ili auchukue mtungi kwenda kuumalizia, akahisi ni jepesi. Maranda yalikuwa yamekauka kama makapi. Katikati yake mtungi uling'aa kama uso wa mtoto aliyepakwa mafuta, nao ulinuka mawese na dagaa.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, akingoja kuona furaha yake.

"Ulikuwa unaoza, mutoto wangu! Ukungu mweupe, kabisa kama dagaa waliopigwa na mvua. Nikasema, sasa Emerance atafanya namna gani? Nikauanika kwenye mchanga, katikati ya dagaa, siku tatu. Kila saa naugeuza. Kunguru nafukuza juu yake, dagaa wenyewe sikuwaangalia. Halafu nikaupakaa mawese. Hutaniambia tena kama sielewi!"

Emerance aliugeuza mtungi. Chini, kutoka kwenye kiini cha mti, ulianzia ufa mwembamba kama unywele, na mwingine, na mwingine. Akaufunika kwa kidole gumba.

"Aksanti, Mama," alisema.

Angeanza mwingine, lakini wiki sita hazipatikani katika siku nne, na Papa Prospère hakumngoja mtu aliyeikosa Jumamosi yake. Alijiambia kwamba huenda ufa ulikuwa wa juu juu. Jumatano na Alhamisi aliukomba mtungi akisikiliza mpaka shingo ikamkaza, na kwa mara ya kwanza alimsikia mbu kwa wakati wake. Kuta zikatoka nyembamba, sawasawa. Hata Doudou aliupiga kwa ukucha, akaurudisha mezani taratibu. Ijumaa aliusugua kwa msasa, na vumbi likaujaza ufa hata yeye mwenyewe hakuuona tena. Asichokiona mtu hukiita hakipo.

Jumamosi Mama Léontine alikuja amevaa kikwembe cha Pasaka, kitenge chake kizuri kuliko vyote, bidoni ya maji kichwani. Pindo lilikuwa limelowa mpaka magotini. Alikuwa ameingia ziwani kupita mitumbwi ili apate maji safi. Alimimina bila kumwaga tone. Doudou akamletea kigoda.

"Mama, weye njo ulimufundisha huyu?"

"Mie? Mie nafundisha dagaa kulala."

Mafundi wakacheka, naye akachangamka. "Lakini huu mutungi, hata mie niliweka mukono..."

Emerance alikohoa kwa nguvu. "Mama, pumzika. Umetoka mbali."

Wakangoja. Kengele ikalia. Papa Prospère akaunyanyua mtungi kwa mikono miwili.

Juu ya karatasi palikuwa na nyota nyekundu, kubwa kama kiganja, na bado ilikuwa inakua.

Mzee akayamwaga maji yaliyobaki ndani ya jagi, polepole, yasipotee. Kisha akaupindua mtungi, akautazama chini.

"Patasi haichore hivi," alisema. "Kazi ya mukono wako ni nzuri, sijaona mwanafunzi kuifanya hivi. Hii ni jua. Nilikuambia nini juu ya jua?"

"Ulisema lisiuone."

"Nani aliuonyesha jua?"

Emerance alitazama ukuta. Kati ya msumari wa Doudou na dirisha palikuwa na nafasi ya aproni moja. Alimtazama mama yake, ambaye alikuwa bado anatabasamu, kama mgeni asiyefuata maneno lakini hataki kuharibu furaha ya wenyeji. Kusema "mie" kungekuwa rahisi. Neno lenyewe ni fupi.

"Ni Mama," alisema, na safari hii sauti yake haikumkimbia. "Aliuanika na dagaa."

"Na dagaa!" Doudou alijipiga paja. "Alitaka tuukaange?"

Karakana ikalipuka kwa kicheko. Tabasamu la Mama Léontine likabaki usoni pake, halina kazi tena.

"Emerance," alisema. "Ulisema aksanti."

Emerance akaivua aproni yake.

"Mama, si kukuzarau," alisema Papa Prospère, akimpa jagi. "Ni sheria."

"Na nisipokunywa?"

"Mutoto atatoka."

Mama Léontine akaipokea. Akanywa amesimama. Maji mekundu yakamshuka kidevuni, yakaingia katika kikwembe cha Pasaka. Alipofika katikati alisita, akavuta pumzi, na Doudou akaanza kumhesabia mafunda kwa kupiga meza: moja, mbili, tatu. Emerance alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Angeweza kulichukua lile jagi. Alikuwa ameshika aproni yake, anaikunja, anaikunjua.

Jagi lilipokauka Mama Léontine alijifuta kwa mkono, akachukua bidoni yake tupu.

"Mubaki muzuri," akawaaga.

Nyumbani aliendelea na kazi zake. Alipika, alipakua, alimwita mwanawe aje kula. Gunia la pili lilipoingia chini ya kitanda, alihamishia mkeka wake wa kulalia chumba kingine.

Miezi miwili baadaye karatasi ilitoka kavu. Maji Emerance aliyachota mwenyewe. Mama yake alisema dagaa walikuwa wengi siku ile. Papa Prospère aliliacha jambo hilo lipite. Msumari aliupiga Doudou, kwa mapigo matatu, kisha akamshika Emerance mabega.

"Sasa weye ni wetu kabisa," alimwambia.

Ilikuwa kweli.

Aliubeba mtungi kwa mikono miwili mpaka ufukweni, maji kidogo yakicheza ndani. Mama yake alikuwa ameinama katikati ya mchanga mweupe wa dagaa.

"Mutungi umeshika maji?"

"Umeshika, Mama. Karatasi kavu kabisa." Emerance akapiga goti, kama anavyopiga mtoto anayempa mzazi maji. "Weye njo wa kwanza kunywa."

Mama Léontine alinawa mikono ziwani, akaja, akaupokea. Alichungulia ndani, kwenye giza. Akapitisha kidole gumba chini ya mtungi, pale pale kwenye kiini, akausifu kwa kichwa. Kisha akaurudisha mikononi mwa mwanawe.

"Kunywa weye, mutoto wangu," alisema. "Mie nilishakunywa."

Kunguru alikuwa ametua kwenye dagaa. Akaenda kumfukuza.